Mgeni wa Mto Nyakame

Siku ya kwanza Mwanvita alidhani ni paka. Mtungi wa ukumbini alikuwa ameujaza mwenyewe asubuhi, ndoo nne za maji, akaufunika kawa, na juu ya kawa akalaza kata ya kuchotea. Jua lilipofika utosini akaenda kuchota maji ya kunywa, na kata ikagonga kitako cha mtungi, ko! Akainama, akachungulia. Hamna hata tone. Akaingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa, na udongo wa ndani ulikuwa mkavu wa kutimka vumbi. Mkono ulipotoka ulikuwa na chembe za mchanga mwekundu, mnene, ambao si wa Bagamoyo wala wa pwani yoyote aliyopata kuikanyaga.

Paka! Haya, tuseme paka. Paka gani huyo wa kunywa ndoo nne, kisha akarudisha kawa na kata mahali pake? Lakini mtu mwenye mtoto kifuani, na mume aliyerudi majuzi tu kutoka bara baada ya miezi tisa, hapendi kuliita baya kwa jina lake. Mwanvita akaujaza tena mtungi, akanyamaza.

Siku ya pili mtungi ukawa mtupu tena, saa ile ile. Siku ya tatu hakunyamaza.

Nyumba ile ilikuwa na watu wazima watatu. Alikuwapo yeye, mumewe Muhidini, na wifi yake Kibibi, dada wa Muhidini, mwanamke mpole aliyeachwa na waume wawili kwa kukosa kuzaa. Kutwa Kibibi alikuwa akimbeba Dija, mtoto wa kaka yake, mwenye miezi mitano. Alikuwa akimbusu, akimnusa utosini, akimwimbia. Zamani Mwanvita akishukuru kupata wa kumpokea mtoto. Sasa, kwa kusimama mbele ya mtungi mtupu, akaanza kumtazama wifi yake kwa jicho jingine.

"Wifi, maji umeyafanyia nini?"

"Maji gani, wifi?"

"Ya mtungini. Yamekwisha."

Kibibi akacheka. "Labda kaka anaoga mara tatu. Mtu aliyetoka nyikani hata ukimpa bahari haimtoshi."

Na kweli Muhidini alikuwa ametoka nyikani. Mkono wake wa kuandika ulijulikana mpaka Pangani, na mwaka ule, kabla Wadachi hawajasimamisha bendera yao, Mzungu mmoja alimchukua awe mkalimani na karani wake. Watu wa mji walimwita Mzungu huyo Bwana Chupa, kwa kuwa alitoka na wapagazi arobaini, na nusu ya mizigo ilikuwa chupa tupu. Hakutaka pembe, wala hakwenda kuhubiri. Alikuwa akitafuta mto. Na mto wenyewe, ajabu ya Mungu, hauna maji! Nyakame, huko bara kwenye nchi ya ukame, ni mto wa mchanga, unaopita juu ya ardhi wiki tatu kwa mwaka kisha ukajizika. Bwana Chupa alitaka kuujua wote, samaki wake, ndege wake, miti yake, na miiko ya watu wanaokaa kandoni mwake. Kila mtu na maradhi yake.

Walirudi salama, ila Bwana Chupa alirudi kwenye machela, na homa ikamvusha Unguja kungoja meli. Mizigo ikabaki katika ghala ya Muhidini. Ilikuwa ngozi za ndege zilizojazwa pamba, majani yaliyobanwa kwenye karatasi, samaki ndani ya chupa za pombe kali, na donge moja la udongo mkavu, kubwa kiasi cha kichwa cha mtu, limefungwa gunia.

"Vingine vyote shika ukipenda," Muhidini alimwambia mkewe. "Hilo usiliguse. Na zaidi ya yote, usilitie maji."

Akafunga ghala, akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba. Hapo ndipo shaka ya Mwanvita ilipoanza kuota meno. Mume anayelala na ufunguo kifuani anaficha nini? Tena alikuwa amerudi mtu mwingine, hasemi mpaka asemeshwe, na siku hizi viganja vyake vimepasuka mistari mieusi asiyotaka kuieleza. Miezi tisa si michache. Wanawake wa mji wote wanajua kuwa msafiri wa bara huoa kila penye kituo chenye kivuli, na mtu akishaoa huko harudi mikono mitupu. Huja na nywele, au hirizi, au neno aliloapishwa.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa kaskazi, jua linachoma paa za makuti, wingu hakuna tangu mwezi uliopita. Lakini kila adhuhuri, penye mlango wa ghala, pakawa pananuka mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Ni harufu nzuri, kila mtu anaipenda. Mwanvita alipoinusa mara ya kwanza alitoka uani kuanua nguo. Akatazama juu, mbingu nyeupe pe. Akarudi ndani taratibu, nguo mkononi, na akakaa mbali na mlango ule.

Madafu yakafuata. Alipasua moja, ndani kavu. La pili kavu. La tatu lilikuwa na mchanga.

Wiki haijaisha, maziwa yakamkauka. Asubuhi titi limejaa, Dija ananyonya na kucheka. Adhuhuri titi limelegea, halina kitu. Mtoto akalia. Mwanvita akamfuta machozi kwa ncha ya leso, na leso haikulowa. Akamtazama vizuri. Dija alikuwa akilia kwa sauti yake yote na macho yake makavu kabisa, na ulimi wake mdogo umeparara, na kitambaa alichofungwa tangu alfajiri kilikuwa kikavu vilevile.

Hapo hofu ikamshika, hofu yenyewe ya mama. Na hofu ikikosa wa kumlaumu humvaa aliye karibu.

"Ni jicho lako!" akamgeukia Kibibi. "Wewe ndiye unayemnusanusa mwanangu kutwa kucha. Umekosa wako, sasa unamkausha wangu!"

Kibibi alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. Akauweka chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyezi Mungu akusamehe, wifi." Akakunja mkeka wake, akachukua leso zake mbili, akaenda kwa shangazi yake upande wa pili wa mji.

Kesho yake adhuhuri mtungi ulikuwa mtupu, na Kibibi hayumo. Mwanvita akakaa chini karibu na mtungi, aibu inamla.

Jirani yao Zaina, mwenye maziwa mengi, akaja kumnyonyesha Dija barazani. Mtoto akashiba, akalala. Jioni ile ile matiti ya Zaina yakakauka, mwanawe akalia siku mbili. Basi! Neno likatoka kibaraza hiki likaenda kile, na hakuna mwanamke tena aliyekanyaga pale. Mwanvita akanunua maziwa ya mbuzi, akayatia kwenye bakuli, akageuka kuchukua kijiko, na aliporudi bakuli lilikuwa na ganda jeupe limebandika chini. Maji aliweza kumtilia Dija mdomoni asubuhi tu, kwa kidole, kabla jua halijapanda. Mtoto akaanza kukonda. Utosi wake ukabonyea.

Ijumaa hiyo Muhidini alivaa kanzu yake nyeupe kwenda msikitini. Maji ya kutawadha hayakuwapo, kwa hiyo alitayamamu kwa vumbi la ukutani, mtu wa mjini mwenye kisima mtaani! Mwanvita akamwona. Mume alipotoka, akaona shati lake la jana juu ya kitanda, na katika mkunjo wa shati, kamba na ufunguo.

Akamfunga Dija mgongoni. Mji ulikuwa kimya, wanaume wote msikitini, kuku wamejibanza kivulini. Akaingiza ufunguo.

Ndani ya ghala palikuwa na baridi, na ile harufu ya mvua ilikuwa nzito hata akahisi imemgusa uso, na alipozoea giza aliona kwamba gunia limefunguka lenyewe na kuanguka, na donge limekaa wazi katikati ya sakafu, na sakafu yote kulizunguka imetandwa mchanga mwekundu uliojikunja mikunjo midogo midogo kama chini ya maji yapitayo, ingawa ulikuwa mkavu, na juu ya donge pana tundu la kupitisha kidole cha mwisho, na kutoka tunduni humo, Mwanvita akiwa amesimama hana mguu wa kwenda mbele wala wa kurudi, ikaja sauti ya mikono miwili inayochimba mchanga mbichi, inakwangua, inateka, inatupa kando, inakwangua tena bila haraka, sauti ya mtu anayejua kuwa maji yapo na kwamba atayafikia, kisha ikatua kidogo, na kukafuata funda moja refu la kumeza, na wakati uleule Mwanvita akahisi mate yote yamemtoka kinywani na ulimi umemganda kwenye kaakaa, na mgongoni Dija, ambaye tangu jana hakuwa na nguvu hata ya kulia, akacheka.

Sauti ikakoma ghafla. Ilikoma kama wanavyonyamaza watu wakisikia nyayo mlangoni.

Mwanvita alikwapua alichoweza kukwapua, bunda la karatasi za mumewe lililokuwa juu ya sanduku, akatoka, akafunga mlango, akaketi ukumbini. Chuoni alisoma Kurani mpaka akahitimu, na mkono wa mumewe aliujua. Akatafuta jina la mwanamke. Nasema kweli, hata baada ya kusikia alichokisikia, bado alikuwa anatafuta jina la mwanamke.

Alichokikuta ni mto.

*Watu wake hawauiti mkavu,* Muhidini alikuwa ameandika. *Husema umelala. Tembo huugonga kwa mguu mpaka maji yatoke, na nyani na kanga hungoja nyuma ya tembo. Migunga ya kandoni ina mizizi mirefu kuliko vimo vyake. Yupo samaki, kamongo, ambaye maji yakienda zake hujifinyangia nyumba ya udongo na kulala humo, mwaka au miaka miwili, mpaka maji yamrudie. Tulipasua madonge saba, kila moja na samaki wake. Achimbaye maji mchangani hupiga hodi kwanza, na kata ya kwanza huimwaga pale pale, kuurudishia mto wake.*

Kisha ikaja karatasi ya mwisho.

*Katika shimo kuu lipo donge moja lisilo samaki. Wenyewe husema humo umelala mto wenyewe, na ndiyo maana haujafa. Bwana akalitaka. Mlinzi wa shimo, ajuza kipofu, akaniuliza, Huko aendako atakuwa mgeni wa nani? Nikajibu, Mgeni wangu mimi, na nyumbani kwangu hatakosa maji. Akaniuliza mara tatu. Nikajibu mara tatu. Akatukabidhi.*

Muhidini aliporudi kutoka msikitini alimkuta mkewe na karatasi mapajani.

"Mgeni wako ndiye huyu?" Mwanvita akauliza. Hakupandisha sauti. Hakuwa na mate ya kupandishia.

Muhidini akajishika shingoni, akakosa kamba. Akakaa chini palepale mlangoni.

"Yalikuwa maneno tu, mke wangu. Maneno ya adabu. Mtu akipita barazani unakula, humwambii karibu? Naye hasemi starehe, akapita zake? Maisha yetu yote ndiyo hayo. Ajuza aliniuliza, nami ningesemaje, mtoto wa kiungwana? Kwamba kwangu hakuna maji?"

"Hiyo ni kwetu. Kwao karibu ni karibu."

"Sikujua."

"Ulijibu mara tatu, Muhidini! Mara tatu hukujua?"

Akamwonyesha viganja. "Nilijaribu kulitupa. Siku ile ile mtungi ulipoanza kukauka nililibeba hadi ufukweni. Maji ya bahari yalinikimbia miguuni, wallahi, yalirudi nyuma, na mikono ikaanza kupasuka, na nikakusikia wewe huku nyumbani unamlilia Dija, naye siku hiyo bado mzima. Nikalirudisha. Mgeni hafukuzwi."

"Ukaniacha nimfukuze Kibibi."

Muhidini akafumba viganja, akainuka kutafuta wa kumtuma.

Akatumwa mtu kumwita Bi Mize. Huyu ndiye mkunga aliyemzalisha Mwanvita, na wakati hazalishi alikuwa akitoa mapepo, kwa ubani na kwa ulimi wake, na wengi walisema mapepo yaliogopa zaidi ulimi. Alikuja anatafuna tambuu. Alipovuka kizingiti akasimama, akashika mdomo, akatema kiganjani. Tambuu ilikuwa unga mkavu.

"Hee! Hata uraibu wangu!"

"Shikamoo, Bi Mize," wakasema wote wawili.

"Marahaba, nyamazeni." Akamvua Dija leso, akambonyeza utosi kwa kidole, akamfunika upesi. Uso wake ukabadilika. "Nielezeni, na msinifiche. Huyu hana siku nyingi."

Wakamweleza. Alisikiliza macho yameelekea mlango wa ghala, na Muhidini alipofika penye jibu la mara tatu, akapiga kofi paja lake mwenyewe.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmefundishwa hayo au hamkufundishwa? Mnaye mgeni wiki tatu humu ndani, jembe hamkumpa, halafu mnashangaa anamnywa mtoto! Yeye hana kosa. Anakula alichoandaliwa."

"Tufanyeje, mama?" Mwanvita akauliza.

"Hafukuzwi, hilo mumeo kasema kweli. Lakini mgeni mwungwana hakatai jembe." Akashusha sauti, nao wakasogea. "Jembe jipya, ambalo halijaonja ardhi. Kesho adhuhuri mlibebe donge nyinyi wenyewe wenyeji wake, mpaka kwenye korongo kavu nyuma ya minazi. Mliweke, mlaze jembe, mseme maneno, mgeuke. Msitazame nyuma. Na sikieni. Atachimba, na maji atayapata, maana ndiyo kazi yake. Maji hayo yasiingie kinywani mwenu, hata koo liwake moto. Mkishatoka pale si wenyeji wake tena. Sasa msije mkawa wageni wake."

Kesho yake adhuhuri wakaenda. Muhidini alilibeba donge kichwani, Mwanvita jembe begani na mtoto mgongoni. Korongo lilikuwa limepasuka mapande mapande, hata nyasi hamna. Muhidini akaliweka donge chini. Mwanvita akalaza jembe kando yake, mpini ukielekea donge, na wakasema pamoja, kila mmoja akimsaidia mwenziwe pale sauti inapokatika, "Mgeni wetu, siku zako mbili zimepita. Hili jembe lako. Chimba, unywe, utuwie radhi."

Wakageuka. Walikuwa hawajafika kwenye minazi walipolisikia jembe. Tu. Kimya kidogo. Tu. Lilikuwa likipanda na kushuka polepole, likiingia ardhini vizuri, na korongo lote halikuwa na mtu. Muhidini alianza kusoma Ayat al-Kursi, akaikosea, akaanza upya. Hawakutazama nyuma.

Siku ile mtungi haukukauka. Adhuhuri ya pili Mwanvita aliingiza mkono, maji yakamfika kwenye kiwiko, na akalia kwa furaha. Alilia, ila machozi hayakutoka. Akashika titi lake. Kavu.

"Yatarudi," akasema Bi Mize, aliyekuja kumtazama mtoto. "Yape siku mbili tatu."

Kibibi akarudi bila kuitwa, na kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Mwanvita alimpigia magoti, akamwomba radhi mbele ya mumewe, na Kibibi akamwinua akasema hayo yamepita, tumtazame mtoto. Wakampa Dija maziwa yale kwa kitambaa. Akayatapika yote. Maji vilevile. Tumbo lake lilikuwa limesahau. Zaina na wengine walipita upande wa pili wa njia, wamefunika vifua, na hakuna wa kuwalaumu.

Siku ya tatu Dija hakuwa akigeuza macho tena. Alikuwa ametazama juu kwenye paa, anapumua kwa mbavu. Bi Mize akasema subiri. Muhidini akasema subiri. Rahisi kusema subiri kama si wewe uliyemzaa! Adhuhuri, Muhidini akiwa msikitini na Kibibi jikoni, Mwanvita alimfunga mwanawe mgongoni, akaenda kwenye korongo.

Shimo lilikuwa pale, limechimbwa kwa ustadi, kingo zake zimesawazishwa, na chini yake maji meupe, yametulia, yananuka mvua ya kwanza. Donge halikuwapo. Jembe halikuwapo. Mwanvita alipiga magoti kwenye mchanga mwekundu, na moyoni mwake alikuwa na nia moja tu, kwamba safari hii hapatakuwa na kosa, kila kitu atakifanya kama kilivyoandikwa, kwa heshima zote za watu wa mto, ili kusiwe na la kudaiwa. Kwanza wao hupiga hodi.

"Hodi," akasema.

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, wala si nene wala si nyembamba, sauti ya mwenye nyumba aliye ndani na shughuli zake. Na Mwanvita, binti wa Bagamoyo, aliyefundishwa kuitikia karibu kabla hajafundishwa kutembea, akaitikia kabla akili haijamwahi ulimi:

"Ahsante, tumekaribia."

Akaziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limetoka, na mgongoni pumzi za Dija zilikuwa zinapotea. Akateka kiganja cha kwanza, akakirudisha shimoni. Cha pili akanywa. Maji yalikuwa matamu, na kabla hajayameza yote akahisi leso yake inalowa kifuani. Akamgeuza mtoto, akamnyonyesha palepale ukingoni. Dija alinyonya kwa pupa, akapaliwa, akalia, na machozi yake yakamdondokea mama mkononi, ya moto. Mwanvita akayalamba.

Nyumbani Kibibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Muhidini alisujudu. Hakuna aliyeuliza sana, maana furaha haiulizi. Ila kesho yake alikuja Bi Mize, akamtazama mtoto aliyeanza kunawiri, akamtazama na mama.

"Umekunywa wapi?"

"Mtungini, Bi Mize. Si ulisema yatarudi?"

Bi Mize akatazama chini. Katikati ya vidole vya miguu ya Mwanvita palikuwa na chembe za mchanga mwekundu, ambao alikuwa ameuosha mara tatu na haukutoka.

"Leo siku ya ngapi tangu yarudi?"

"Ya pili."

Bi Mize akahesabu kwa vidole, akaishia cha tatu. Akambusu Dija utosini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akachukua kikapu chake, akaenda. Usiku kucha Mwanvita alikaa macho, mtoto kifuani, akijihesabia na kujibishana na nafsi yake. Yeye ndiye aliyekunywa. Yeye ndiye aliyeitikia. Kama lipo jembe, basi ni lake, na atalishika, atalima mpaka mikono ipasuke, ilimradi mwanawe mzima. Kwa wazo hilo, karibu na alfajiri, akapata usingizi.

Siku ya tatu, jua lilipofika utosini, wakasikia hodi mlangoni. Mara moja tu.

"Karibu!" Kibibi akaitikia kutoka jikoni, akaenda kufungua, naye akiwa na Dija ubavuni. Mwanvita alikurupuka kumzuia, akachelewa. Nje hapakuwa na mtu. Harufu ya mvua ilijaa njia nzima, na kizingitini kumelala jembe lililolowa, linadondosha maji.

Mwanvita alilitambua kwa alama ya mhunzi. Ni lile lile, lakini bapa lake lilikuwa limelika kwa kuchimba, limebaki dogo kama ganda la chaza. Na mpini si ule. Ulikuwa mpya, wa mti wa mgunga, umechongwa kwa mapenzi na kulainishwa, mwembamba kama kidole, urefu wake shubiri moja.

"Jamani," Kibibi akacheka, akiinama kulitazama, "nani huyu aliyemchongea mtoto wetu kijembe?"

Dija akajinyoosha kutoka ubavuni mwa shangazi yake. Kiganja chake kikaufumbata mpini, ukamtosha sawasawa.